Video za bure darasani: kwa nini wanafunzi wanafurahi lakini majaribio hayabadiliki

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa Fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Singida. Shule ina kompyuta mpakato moja na projekta moja, na intaneti ninayotumia ni bando la simu yangu mwenyewe. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiwaonyesha wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, ambao ni zaidi ya 70 katika mkondo mmoja, video za masomo ninazozipata mtandaoni. Wanazipenda, darasa linatulia na wote wanasema wameelewa, lakini nikitoa jaribio matokeo ni yale yale. Je, ninakosea wapi? Ni zana gani za bure zinazofaa mazingira kama yangu, na je, ninaruhusiwa kuzipakua video hizo na kuzihifadhi?

Jibu: Mwalimu, hali unayoieleza si ya shule yako peke yake, wala haitokani na uchache wa vifaa. Derek Muller, ambaye leo anafahamika zaidi kwa video zake za sayansi za Veritasium, aliichunguza katika utafiti wake wa shahada ya uzamivu alioukamilisha Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2008. Aliwaonyesha wanafunzi video za Fizikia zilizotengenezwa kwa namna tofauti. Waliotazama maelezo mafupi yaliyonyooka walisema video ilikuwa nzuri na rahisi kuifuata, lakini walipopimwa tena majibu yao hayakuwa yamebadilika sana, ingawa sasa walikuwa na uhakika zaidi nayo. Waliotazama video ambamo fikra potofu ilitamkwa kwanza, ikajadiliwa, kisha ikasahihishwa, waliona kwamba inawachanganya. Hao ndio waliopanda zaidi katika kipimo cha pili. Kwa hiyo utulivu wa darasa na kauli ya "tumeelewa, mwalimu" si vipimo vya kutegemea, na ninakupongeza kwa kuwa uliamini jaribio kuliko kauli hiyo.

Sababu yake anaijua kila aliyewahi kusahihisha kazi za Kidato cha Pili. Mwanafunzi huja na maelezo yake mwenyewe kuhusu dunia, na maelezo hayo yana mantiki. Nyumbani ameona uniti za LUKU zikipungua kadiri taa zinavyowaka, basi anaamini kwamba balbu hula mkondo wa umeme na kuuacha mdogo kuliko ulivyoingia. Ukimwonyesha video safi inayoeleza kwamba mkondo katika saketi ya mfululizo ni ule ule kila mahali, atasikia maneno anayoyafahamu, ataona picha inayofanana na anachokijua, na atatoka akidhani kwamba video imeunga mkono fikra yake. Hakuna wakati ambapo alilazimika kugundua kwamba anachoamini na anachokiona havipatani. Hapo ndipo penye tatizo lako: si katika video ulizochagua, bali katika nafasi unayozipa ndani ya kipindi. Mwanafunzi lazima awe amejifunga kwenye jibu kabla projekta haijawashwa.

Tuchukue umeme wa mkondo kama mfano. Chora ubaoni betri na balbu mbili zinazofanana, zilizounganishwa kwa mfululizo, uzipe majina A na B, A ikiwa ile iliyo karibu na ncha chanya ya betri. Uliza swali moja tu: ipi itawaka zaidi, A, B, au zitalingana? Kila mmoja aandike jibu lake daftarini kwa kalamu ya wino pamoja na sentensi moja ya sababu, bila kumtazama jirani. Kisha, kwa ishara yako, wote wainue kwa wakati mmoja vipande vya boksi vilivyoandikwa herufi, ambavyo mtakuwa mmevitengeneza siku ya kwanza na kuvitunza. Mikono mitupu haifai, kwa sababu wengi hungoja kuona wenzao wenye sifa ya akili wanainua lini. Andika hesabu ubaoni. Usishangae ukiona wengi wamechagua A, na sababu zao zinafanana: umeme unaifikia A kwanza, A inachukua wake, B inabakiwa na kidogo. Usisahihishe. Wape dakika chache kila mmoja amtafute mwenye jibu tofauti na kujaribu kumshawishi, kisha wapige kura upya. Utaratibu huu wa kujibu, kujadiliana na kujibu tena ulienezwa na Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1991, na aliutumia katika kumbi za mihadhara zenye wanafunzi wengi, kwa hiyo wingi wa wanafunzi wako si kizuizi.

Sasa washa projekta. Na kwa mada hii ninakushauri usionyeshe video kabisa, bali utumie programu ya uigaji, yaani ile inayoiga jaribio kwenye skrini. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001, hutoa bure uigaji wa mada nyingi za Fizikia, Kemia, Hisabati na Biolojia, na sehemu yake imetafsiriwa kwa Kiswahili. Kilicho muhimu kwako ni kwamba uigaji wao mpya unaweza kupakuliwa ukiwa faili moja linalofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta au cha simu bila intaneti. Ukitumia bando siku moja, unabaki nalo kwenye flashi mwaka mzima.

Uigaji wa saketi za mkondo mnyoofu hukuruhusu kuburuta betri, nyaya, balbu, swichi na amita (kifaa cha kupimia mkondo) na kuviunga utakavyo. Jenga mbele yao saketi ile ile iliyo ubaoni, betri iwe ya volti 9 na kila balbu ukinzani wa omu 10. Kabla ya kufunga swichi, waambie wasome tena walichoandika. Funga. Balbu zitawaka sawa, na darasa litalipuka, lakini usiishie hapo, kwa sababu mwanafunzi hodari wa kutetea fikra yake atasema tofauti ipo ila ni ndogo haionekani. Mwite mbele mmoja wa waliochagua A, mpe kipanya, aweke amita kabla ya A, kati ya A na B, na baada ya B, akisoma kwa sauti kila mara. Atasoma ampia 0.45 mahali pote patatu. Kisha uliza: tukiongeza balbu ya tatu ya aina hiyo hiyo katika mfululizo, amita itasoma ngapi? Waandike kwanza, ndipo uiongeze, itasoma 0.30. Baadaye ziunge mbili sambamba, waone kila moja ikipitisha ampia 0.9 na betri ikitoa 1.8. Thamani ya uigaji kuliko video ni hii: mwanafunzi akiuliza "je, tukifanya hivi itakuwaje?", unafanya, na jibu linatokea hapo hapo.

Kuna jambo moja la kuwatahadharisha. Katika uigaji huo utaona vidoti vinavyowakilisha elektroni vikisafiri kwa mwendo unaoonekana, na mwanafunzi anaweza kuamini kwamba taa ya nyumbani huwaka haraka kwa sababu elektroni zimekimbia kutoka kwenye swichi hadi kwenye balbu. Waambie kwamba katika waya halisi wa nyumbani elektroni hujongea polepole mno, chini ya milimita moja kwa sekunde, na kwamba taa huwaka mara moja kwa kuwa elektroni tayari zimejaa waya mzima na zote huanza kusogea karibu kwa pamoja.

Baada ya skrini, toa betri za tochi na balbu ndogo. Utafiti uliofanyika hapo hapo Colorado na kuchapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wanafunzi waliotumia uigaji wa saketi badala ya vifaa halisi walifanya vizuri zaidi katika maswali ya dhana, na hata walipopewa nyaya na balbu za kweli waliwashinda wenzao waliofanyia mazoezi vifaa hivyo. Nayapenda matokeo hayo, lakini hayatoi ruhusa ya kufunga maabara: wanafunzi wako watafika Kidato cha Nne na kukutana na mtihani wa vitendo, na uigaji hauna waya uliolegea wala betri iliyochoka. Tena balbu mbili za dukani, hata zikifanana kwa macho, mara nyingi haziwaki sawa kabisa, na waliochagua A watadai kwamba walikuwa sahihi. Usiikwepe hoja hiyo. Zibadilishane nafasi. Iliyokuwa ikiwaka zaidi itaendelea kuwaka zaidi hata ikiwa ya pili, na hapo mwanafunzi ataona mwenyewe kwamba tofauti inatokana na balbu, si na mpangilio wa foleni.

Video nayo ina mahali pake, nako ni kuonyesha lile ambalo wewe huwezi kulileta darasani. Mfano ninaoupenda ni ule wa Agosti 1971, ambapo mwanaanga David Scott wa Apollo 15, akiwa amesimama juu ya Mwezi, aliachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja, vikafika chini pamoja kwa kuwa hakuna hewa. Kipande hicho ni kifupi, na picha zake ni za NASA, ambayo kwa kawaida haizuii matumizi ya picha na video zake kwa elimu. Ukikionyesha bila maandalizi, ni burudani. Ukiwauliza kwanza, "Mwezini, nyundo na unyoya vikiachiwa pamoja, kipi kitafika kwanza, na kwa nini?", ukasimamisha video Scott akiwa ameinua mikono yake miwili, ukawapa nafasi ya kubadilisha jibu, ndipo ukaiachia, kipande hicho kinatosha kipindi kizima cha mjadala kuhusu hewa, uzito na mvutano.

Nakushauri pia uizime sauti. Wanafunzi wako walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa wanasoma Fizikia kwa Kiingereza. Msimulizi wa video nyingi anazungumza haraka, kwa lafudhi wasiyoizoea, na anatumia msamiati ambao hawajafundishwa. Wanachofanya ni kutazama picha na kuyaacha maneno yapite. Tazama video mara kadhaa nyumbani, kisha isimulie wewe mwenyewe darasani, kwa kasi yako na kwa istilahi zile zile zilizomo katika kitabu chao, ukiwa umeziandika ubaoni kabla. Pale ambapo dhana ni ngumu, ifafanue kwa Kiswahili halafu urudi kwenye istilahi ya mtihani. Faida ya ziada ni kwamba huhitaji spika, na wewe unabaki kuwa mwalimu wa somo lako badala ya mlinzi wa projekta. Kuhusu urefu, kipande cha dakika 2 au 3 kinachosimamishwa mara mbili kina kazi kubwa kuliko filamu ya nusu saa. Katika kipindi cha dakika 40, sehemu kubwa iwe ya wanafunzi kuandika na kubishana.

Kuna chanzo cha video ambacho walimu wengi wanakisahau, nacho ni simu yako. Unapofika kwenye mwendo, simamisha kipande cha mbao kilichochorwa alama za sentimita nje ya darasa kwenye mwanga mkali, mwanafunzi aachie mpira mdogo mweupe kutoka alama ya sifuri, nawe urekodi simu ikiwa imeegemezwa mahali isitikisike. Simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Fungua video hiyo kwa VLC, programu ya bure, na ukibonyeza kitufe cha E kwenye kibodi itasogea picha moja baada ya nyingine. Ukihesabu tangu mpira unapoachiwa, kwenye picha ya 3 utakuwa umeshuka kama sentimita 5, kwenye ya 6 kama 20, na kwenye ya 9 kama 44. Wanafunzi wasome namba hizo wenyewe kutoka ukutani na wazichore kwenye grafu. Muda umeongezeka mara mbili, umbali umeongezeka mara nne. Hiyo ndiyo kanuni wanayoikariri kitabuni, sasa imetoka kwenye mpira walioudondosha wao, na haikugharimu hata megabaiti moja ya bando.

Kuhusu zana nyingine sitakurundikia majina, kwa maana mwalimu mwenye zana mbili anazozimudu anawasaidia wanafunzi kuliko mwenye kumi alizozisikia. Kwa Hisabati tumia GeoGebra, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, ambayo huchora grafu na maumbo yanayosogezwa kwa kipanya na inaweza kusakinishwa ikafanya kazi bila mtandao. Kwa maktaba ya shule, Kolibri ya shirika la Learning Equality ndiyo ninayoiona inafaa zaidi shule zetu: inasakinishwa kwenye kompyuta moja, hata ya zamani, unapakua mara moja masomo ya Khan Academy, vitabu na mazoezi, na kompyuta au simu nyingine zilizo karibu huyafikia kupitia mtandao wa ndani wa Wi-Fi bila intaneti. Kiwix nayo hukuwezesha kubeba Wikipedia, ya Kiswahili au ya Kiingereza, kwenye flashi. Kazi ya kupakua ifanyike mahali penye mtandao imara, pengine chuo cha ualimu kilicho jirani au ofisi ya halmashauri, kwa sababu mafaili mengine ni makubwa na bando la simu yako halipaswi kubeba mzigo wa shule nzima. Zungumza na mkuu wa shule kuhusu gharama hiyo, ukiwa na andalio la somo mkononi linaloonyesha faili litatumika wiki gani.

Sasa suala la ruhusa. Masharti ya YouTube hayakuruhusu kupakua video kwa programu za pembeni. Unaweza kupakua pale tu ambapo huduma yenyewe imeweka kitufe cha kupakua, au ukiwa na kibali cha YouTube na cha mwenye haki. Kuwa kitu kinapatikana bure hakumaanishi kuwa umepewa haki ya kukinakili na kukisambaza. Lakini usikate tamaa, kwani zipo kazi nyingi ambazo wenyewe wameziruhusu. Tafuta zenye leseni ya Creative Commons, ambayo humwezesha mwandishi kutangaza mapema matumizi anayoyakubali. Herufi BY maana yake umtaje mwandishi, NC usiitumie kibiashara, SA ukiirekebisha uitoe kwa leseni ile ile, ND usiirekebishe. Sehemu kubwa ya video za Khan Academy zina leseni ya BY-NC-SA, nazo ukizipata kupitia Kolibri unazihifadhi kihalali. Wikimedia Commons nayo ina video unazoweza kupakua moja kwa moja. Na ikiwa video unayoihitaji haina leseni, mwandikie mtengenezaji wake ujumbe mfupi ukimweleza shule yako na matumizi. Wengi wao ni walimu pia.

Jihadhari vilevile na huduma za bure zinazotaka kila mwanafunzi ajisajili kwa jina, namba ya simu au barua pepe. Hao ni watoto, na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zana nilizozitaja zinaweza kutumika darasani bila mwanafunzi yeyote kusajiliwa popote, nawe uzipendelee hizo.

Mambo ya chumba ni machache lakini yanaharibu kipindi kizuri. Ijaribu picha siku moja kabla, saa ile ile ya kipindi chako, ukae dawati la mwisho uone kama namba za amita zinasomeka. Kama hazisomeki, kuza sehemu hiyo tu ya skrini au wagawe wanafunzi katika zamu mbili. Omba kipindi cha asubuhi mapema ikiwa madirisha hayana mapazia. Kila faili liwe kwenye kompyuta na kwenye flashi. Picha kuu ya somo iwe imechorwa ubaoni tangu mwanzo, ili umeme ukikatika swali na mjadala viendelee bila skrini.

Mwisho, ili ujue kama mabadiliko haya yanafaa, usingoje mtihani wa muhula. Wiki mbili baada ya somo la saketi, bila kuwatangazia, wape swali lile lile la balbu A na B likiwa na sura nyingine, kwa mfano betri imegeuzwa ncha na balbu ni tatu, na watake sababu pamoja na jibu. Linganisha na walichoandika siku ya kwanza kwa wino. Soma sababu kwa makini kuliko herufi, maana wapo watakaosema "zinalingana" kwa kukumbuka tu ilivyokuwa ukutani, na bado wakaandika kwamba mkondo unapungua njiani. Ukiwakuta hao ni wengi, usitafute video nyingine. Rudi kwenye amita, na safari hii waulize mkondo kati ya balbu ya kwanza na ya pili kabla hujawauliza mwanga.